Alama ya ku Shingo Yako

Kahindo, mutoto wangu,

Tangu asubuhi mama yako ako nafunga mizigo yako. Anafunga, anafungua, anafunga tena. Amekwisha kukuambia yote: baridi ya Butembo, ile blanketi nzito, maji ya kuchemsha, barafiki ba kuchagua na ba kuacha. Mimi sitaongeza kitu pale. Nikiongeza atasema namukosoa, na leo sitaki vita mu nyumba. Nimekaa hapa ku baraza, mvua inagonga manjanja ya ku paa, niko na bic yako moja na karatasi nilizokata mu cahier yako ya zamani. Unisamehe kwa cahier.

Mbele ya yote, aksanti. Nianzie pale, juu nikianza na ile ingine, mukono utachoka mbele nifike ku aksanti. Aksanti kwa ile mwaka tuliacha mashamba ya papai juu ya vita: ulibeba kuku yetu mu kikapo njia yote mpaka hapa Beu, mu muji wa Beni, na kila fois tuliposimama ulimuuliza kuku kama amechoka. Batu walikuwa wanalia mu ile njia, na wewe ulituchekesha. Aksanti kwa miaka yote hii sijasikia umenijibu vibaya. Bon, uongo. Mara moja ulifunga mulango kwa nguvu mpaka picha ya Bikira Maria ikaanguka. Mais mara moja tu, na picha haikuvunjika.

Sasa sikia. Juma iliyopita ulinipa ile lettre ya kuomba nafasi ku shule ya infirmière, ya bauguzi, ile utapeleka wewe mwenyewe Butembo, niangalie kama umeandika muzuri. Nilisoma. Uliandika kama ukiwa na miaka ine ulivuta sufuria ya maji ya moto juu ya ukaidi, maji ikakumwangikia ku shingo, na infirmière mumoja akakutunza vizuri sana, na tangu pale ulitaka kuwa kama yeye. Nilikurudishia karatasi, nikakuambia kila kitu iko sawa. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama pale ku migomba kama mutu amesahau kitu alikuja kutafuta.

Haikukuwa sawa, Kahindo. Ile hadithi ya sufuria ni mimi niliitunga.

Siku ile ile nilimuambia mama yako. Naye alikuwa hajui, miaka hii yote. Siku mbili alipika, aliweka chakula ku meza, hakunisemesha hata "kula". Siku ya tatu akaniambia: "Utamuambia mutoto mbele aende. Na hapana kumuambia kwa mudomo, juu wewe nakujua, utaanza kucheka-cheka, utaingiza mambo ya kuku. Mukono yako njo ilifanya. Mukono yako iandike." Donc naandika.

Ulikuwa na miaka ine. Tuliishi kule ku mashamba, nje ya Beni, na kazi yangu ilikuwa papai. Haukumbuki muzuri, nikueleze. Hatukukuwa tunauza matunda. Tulikuwa tunakwaruza papai mbichi kwa wembe ya gilette ikiwa bado ku muti, na maziwa yake inatonya ku plastiki tumefunga chini kuzunguka muti. Ile maziwa inakaushwa, banunuzi banakuja kubeba, banasema huko Ulaya banatengeneza nayo dawa na bintu bingine. Papaïne, njo jina. Na ile maziwa inakula nyama. Kila mukataji wa papai anajua. Mama yako alikuwa anatia kidogo ku nyama ya mbuzi muzee, na mbuzi analainika. Vidole vyangu vilikuwa vinachubuka kila juma mpaka nashindwa kushika kijiko. Donc mutu asiseme kama sikujua. Nilijua kuliko bote.

Ile mwaka bipele bilikutoka. Bidogo, bya kungaa, kila kimoja na katundu katikati sawa kitovu. Bilianza bitatu ku mukono, kisha ku kifua, kisha bingi ku shingo, upande wa kushoto. Havikukuuma. Wewe ulikuwa unabihesabu na kubipa majina. Kimoja ulikiita Paluku, jina ya kaka yako, juu kilikuwa kinene.

Mimi njo biliniuma. Noël ilikuwa karibu, na batoto badogo balikuwa banajifunza kuimba ku kanisa. Siku moja nilikuleta ku mazoezi, na mama mumoja akavuta mutoto wake kutoka pembeni yako. Alimuvuta tu kwa mukono, akamupeleka ku banc ingine. Wewe haukuona, ulikuwa unaimba na mudomo wazi kabisa. Mais mimi niliona, na damu ikanipanda ku kichwa. Nikasema ndani ya moyo: mutoto wangu hataimba Noël na hii uchafu. Ndiyo, niliita vile, uchafu. Nilikuwa na kiburi sana ile wakati. Nilikuwa nasikia haya juu ya ngozi ya mutoto kuliko nilivyosikia huruma.

Mama yako alikuwa amekwenda Kasindi, ku mupaka ya Uganda, kununua biloko bya nyumba, siku ine. Mbele aende aliniambia: "Nikirudi tutamupeleka ku centre de santé." Ningengojea siku ine tu! Mais nilitaka akirudi akute umekwisha kupona, aseme, kumbe bwana wangu ni munganga. Mutu mumoja ku shamba alikuwa amemaliza sunzua ya ku kidole na maziwa ya papai. Nikasema, kama inamaliza sunzua ya mutu muzima, itamaliza bipele bya mutoto.

Nilikuja nyumbani muchana, na maziwa mbichi ndani ya kifuniko cha chupa. Nikakukalisha hapa ku goti. Nilichukua mwiba ya ndimu, nikatoboa bile bya ku shingo kimoja kimoja, nikapaka, nikafunga na kitambaa kusudi isikauke. Ulisema, "Baba, inawasha." Nikasema, "Inawasha juu inafanya kazi." Hiyo neno, Kahindo, bado naisikia. Nikakupa muwa utafune, nikarudi ku kazi. Nikaenda kukwaruza papai zingine!

Jioni nilikuta kaka yako Paluku amekushika, umelia mpaka sauti imekauka. Nikafungua kitambaa. Sitakuandikia vile niliona. Utaona mengi ya namna ile mu kazi yako, hauna lazima ya kuona yako. Nitasema tu kama nilijua mara moja nimefanya nini, juu nilikuwa nimeona ile nyama ya mbuzi.

Nilikukimbiza ku centre de santé mu mukono, kilomètre ine, bila viatu. Pale njo nilikutana na Mama Kanyere, ile infirmière uliandika ndani ya lettre yako. Pale haukukosea. Aliosha na maji safi, maji mingi, muda murefu, mpaka mukono yangu ikachoka kushika chupa. Kisha akaniuliza: "Ni nini?" Nikasema, "Maji ya moto." Akaniangalia. Akanusa kile kitambaa. Yeye pia ni wa huku, anajua harufu ya papai mbichi. Akasema: "Baba, mimi nauliza kusudi nitibu mutoto, hapana kusudi nikufunge. Ni nini?" Nikamuambia kweli. Ni yeye peke yake nilimuambia, mpaka juma iliyopita.

Hakunigombeza. Nilikuwa natayarisha kichwa kwa makofi, na makofi haikukuja. Alimaliza kufunga kidonda, akakaa ku banc pembeni yangu, akasema: "Sasa nikuambie kile ningekuambia kama ungekuja jana." Akanieleza. Bile bipele ni virus, banabiita molluscum. Inapita kwa ngozi kugusana, kwa essuie-mains moja, taulo ya batoto bote, na mutoto akijikuna anajipandia bingine yeye mwenyewe. Si uchafu, si laana, si damu mubaya. Nikamuuliza dawa. Akasema: "Mara mingi, dawa ni kuacha." Nilifikiri ananicheka. Akasema: "Kweli. Mwili wa mutoto unajifunza kuvijua, kisha unavifukuza. Pengine miezi, pengine mwaka, pengine kupita. Unamukata kucha, unamupa essuie-mains yake, unafunika na nguo bile bya kusugua-sugua. Anasoma, anaimba, anacheza."

"Na kama mutu hataki kungojea?" Nilikuwa bado na ile haraka yangu, hata pale, na wewe umelala ku goti yangu na shingo imefungwa.

Akasema kuko njia. Mu hospitali kubwa munganga anaweza kutia dawa ya kupunguza maumivu, kisha kubikwangua na kifaa kidogo. Kuko fasi banabichoma na baridi kali. Kuko na dawa ya kupaka, mais ile inapimwa, inapakwa na mutu anajua, tone moja juu ya kipele, hapana ku ngozi nzima. Na hata ile inaweza kuacha alama. Akasema kama kipele kiko karibu ya jicho, ao bikiwa bingi sana na bikubwa, ao mutoto ni mugonjwa-mugonjwa, pale hapana kungojea nyumbani, apelekwe aonekane, juu pengine kuko kitu kingine ndani ya mwili. "Mais yako," akasema, "ilikuwa mutoto muzima na bipele bya kawaida. Ungemuacha tu." Ungemuacha tu. Neno mbili, na nilitembea nazo miaka kumi na tano.

Halafu akanipa kazi. Alisema: "Kidonda kitaoshwa kila siku. Sitakiosha mimi. Utakuja naye kila asubuhi, utaosha wewe, mimi nitaangalia." Nilichukia. Nilifikiri ni azabu. Mais asubuhi ya kwanza ulipoona mukono yangu inakaribia, ulikazika sawa ubao. Asubuhi ya tano, bado. Sijui ni asubuhi ya ngapi uliacha kukazika. Nilikuwa naosha, na wewe ulikuwa unamuonyesha Mama Kanyere vile unajua kuhesabu, nikasikia shingo yako imelegea ndani ya mukono yangu. Nililia pale pale, mwanaume muzima. Mama Kanyere akajifanya anatafuta pamba mu armoire. Namushukuru kwa ile yote, kwa dawa, kwa maneno, mais zaidi namushukuru kwa kutafuta ile pamba.

Mama yako alirudi kutoka Kasindi, akakuta kitambaa ku shingo. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikafungua mudomo, na kitu kikatoka ni: "Alivuta sufuria ya maji ya moto. Nilimukataza, hakusikia." Unaona? Sikutosheka kusema uongo, nikakutia na kosa ndani. Mama yako akakukumbatia, akakugombeza kidogo na machozi: "Nilikuambia mara ngapi, hapana kukaribia moto!" Na wewe, na miaka yako ine, ukaniangalia mimi, kisha ukamuangalia yeye, ukasema: "Pardon, mama." Ulikuwa bado mudogo sana. Mutu mukubwa akikuambia ulivuta sufuria, donc ulivuta.

Nilimuambia Mama Kanyere kama nimedanganya. Akasema: "Mimi sitasema uongo. Mama yake akiniuliza, nitamujibu. Mais hataniuliza, juu anakuamini. Siku moja utamuambia mutoto, wewe. Mutoto ni wake, shingo ni yake." Mama yako hakumuuliza kweli. Nikajiambia, nitasema mutoto akipona kidonda. Kisha, akianza masomo. Kisha, akikua. Majuto ni mujukuu, banasema, na huyu mujukuu nimemulea mu nyumba pamoja na wewe, anakula meza moja na sisi.

Sasa sikia ile iliniumiza kuliko yote. Bile bipele bingine, bya ku mukono na ku kifua, bile sikugusa, biliisha. Nyuma ya Pasaka bilianza kuwa byekundu, nikaogopa, Mama Kanyere akasema, "Muzuri, mwili umeamuka." Kidogo kidogo bikakauka, bikaenda. Angalia mukono yako ya kushoto. Kuko alama? Hakuna hata moja. Ku fasi nilikuacha, Mungu alikurudishia ngozi yako yote. Ku fasi niliweka akili yangu, kuko ile kovu unafunika na foulard.

Na tulikucheka nayo! Paluku akakupa jina "Mama Sufuria", nyumba nzima ikashika. "Mama Sufuria, kaa mbali na moto." Nilicheka na mimi, nilicheka sana, juu nisipocheka wangeuliza. Ulikuwa unawaambia batoto ba jirani, "Hapana kufanya sawa mimi, mimi nilikuwa mukaidi." Ukiwa na miaka kenda ulikwenda confession yako ya kwanza. Ulirudi unaruka-ruka mu njia, na robe nyeupe imeshika matope, ukanikuta hapa ku baraza, ukaniambia: "Baba, nimemuambia padri ile zambi ya sufuria. Mungu amenisamehe!" Nikakushika kichwa. Nikasema, "Muzuri, maman." Ulibeba zambi yangu mpaka kwa padri, mutoto wangu, ukaiombea musamaha, na mimi nikakupongeza.

Mimi nilikwenda kwa padri siku zingine, nikasema zambi zangu zote, na ile nikaiacha nyumbani. Vile njo nilikuwa.

Sikuandikii kusudi uniambie haizuru. Inazuru. Ukitaka kukasirika, kasirika muzuri, mu Butembo kuko mbali kidogo, utakuwa na nafasi. Ukifunga mulango tena na picha ikaanguka, ni haki yako. Nakuandikia juu kesho unakwenda kujifunza kutibu batu, na sitaki uende na hadithi ya uongo mu mufuko. Utasimama mbele ya bamama, utafungua foulard, utasema, "Angalieni, nilivuta sufuria." Na pale mbele yako kutakuwa mama ameficha ndani ya kitenge mutoto mwenye bipele, na nyumbani amekwisha kutayarisha maziwa ya papai, ao maji ya batterie, ao gilette. Atarudi nyumbani akachunge sufuria. Kitu alihitaji kusikia kilikuwa ku shingo yako, na hautajua kumuambia.

Siku hizi kila kipele kinaitwa mpox, batu banakimbia, bengine banaficha batoto ku chumba. Sijui namna ya kutenganisha hii na ile, na sasa nimejifunza kusema sijui. Iko kazi yako. Mais baba mumoja akikufikia amechelewa, ananuka uongo na papai, tafadhali mukumbuke Mama Kanyere. Muulize kwa upole mara ya pili. Mara ya kwanza bote tunasema maji ya moto.

Na umupe kitambaa, aoshe yeye mwenyewe. Sijui kama banafundisha ile ku shule.

Namushukuru Mungu kama haraka yangu iliishia ku shingo, juu angeweza kuniacha niharibu zaidi. Namushukuru mama yako, amerudi kunisemesha muzuri tangu jana. Aliniambia chai yangu inapoa, nikasikia furaha sawa mutu wa kuchumbia. Nakushukuru wewe. Mutu aliungua na mukono yangu, na ile mukono njo anashika kila siku akivuka barabara, mpaka leo, na miaka yake kumi na tisa! Kila fois unanishika, nasema ndani ya moyo wasingya, aksanti ya luga yetu, na haujui kwa sababu gani. Sasa unajua.

Mvua imepunguza. Mama yako amefunga valise, nasikia anamuita Paluku akae juu yake. Nitaweka hii barua ndani ya foulard yako ya bluu, utaifungua Butembo, ukiwa umekaa.

Ile lettre yako ya shule utaandika upya, siku unataka, kwa Kifaransa chako kizuri. Weka jina langu ukitaka. Mais toa ile neno ukaidi. Haukuvuta sufuria, Kahindo. Siku ile hakukukuwa sufuria ku moto. Nilikuambia, "Nipe shingo, maman," na wewe ukacheka, ukainua kichwa, ukanipa shingo.

Baba yako